Jiko Banifu, Jiko Sanifu na Jiko la Dohani: Maana na Matumizi Yake

Mara nyingi istilahi zinazojadiliwa katika kurasa kama hizi ni zile za mahakamani, za maabara na za ofisini. Safari hii tumeona inafaa tuingie jikoni, kwa sababu humo pia mna maneno mapya yaliyoenea upesi kuliko yalivyofafanuliwa. Na hasara ya kutofafanuliwa kwake si kosa la sarufi tu, bali ni macho yanayowasha, vifua vinavyobana na fedha zinazopotea. Maneno yenyewe ni jiko banifu, jiko sanifu, jiko lisilo na moshi, jiko safi, na dohani. Husikika redioni, katika mikutano ya vijiji na midomoni mwa wachuuzi, na aghalabu hutumiwa kana kwamba yote yana maana moja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba mtu anayezijua tofauti zake huchagua jiko vizuri zaidi na kulitumia vizuri zaidi.

Ili maelezo yetu yasielee hewani, tumechagua mahali pamoja pa kuwekea mifano, napo ni Dimani, kata mojawapo ya Wilaya ya Kibiti katika Mkoa wa Pwani, nchi ya Mto Rufiji na delta yake. Sababu ni tatu. Kwanza, huko kuni ni jambo zito: delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko unaohesabiwa kuwa mkubwa kuliko yote ya Afrika ya Mashariki, nao tangu mwaka 2004 umo katika eneo la ardhioevu la Rufiji, Mafia na Kilwa linalotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Pili, nyumba nyingi za pwani hiyo zimeezekwa kwa makuti, na makuti na cheche havipatani. Tatu, mto hufurika. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti yametukumbusha kwamba jiko la udongo lililojengwa chini haliwezi kubebwa maji yanapoingia. Mambo haya matatu, yaani kuni, paa na maji, ndiyo yanayopaswa kumwongoza mnunuzi, wala si jina lililobandikwa kwenye bidhaa.

1. Jiko na mafiga

Neno jiko ni la zamani na lina maana nyingi. Jiko ni chombo cha kupikia. Jiko ni chumba kinachopikiwa. Na kijana aliyeoa husemwa kuwa amepata jiko. Wingi wake nao ni wa namna mbili: majiko, tunapokusudia vyombo, na meko, tunapokusudia hasa mahali pa moto. Tofauti hii yafaa ihifadhiwe, maana siku hizi tunahitaji kusema kwamba nyumba moja ina meko ya nje na majiko mawili ndani, bila ya msikilizaji kutahayari.

Kabla ya jiko la kununuliwa palikuwa na mafiga, ambayo kwingineko huitwa mafya: mawe matatu, au vidongo vitatu vya udongo mgumu, vinavyobeba chungu juu ya moto. Ndiyo maana wahenga wakanena kwamba figa moja haliinjiki chungu. Mafiga hayastahili kudharauliwa. Hayana bei, hukubali chungu cha kila ukubwa na ukuni wa kila urefu, na huhamishwa kwa dakika moja. Ila yake ni kwamba moto umekaa wazi pande zote. Joto jingi hukimbilia pembeni. Kwa makadirio ya kawaida ni asilimia 10 hadi 15 tu ya nguvu iliyomo katika kuni inayoingia chunguni, ingawa mpishi hodari aliyekinga upepo huweza kupata zaidi. Aidha, moto unapopoa kwa upepo au kwa ubichi wa kuni, kuni hufuka badala ya kuwaka.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa kuwa fasili ya moshi ndiyo msingi wa yote yanayofuata. Moshi wa kuni ni sehemu ya kuni ambayo haikuwahi kuungua. Ni mvuke, masizi na chembe ndogo mno zilizopaa kabla ya kukutana na joto na hewa ya kutosha. Kwa hiyo moshi ni hasara mara mbili: ni kuni iliyopotea, na ni sumu iliyopatikana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, nayo hutokana zaidi na moto wa kupikia. Wanaokaa karibu na moto huo kwa saa nyingi ni wanawake, pamoja na watoto waliobebwa mgongoni.

Tuongeze kwamba jiko jipya halihitaji msamiati mpya wote. Tunakoka moto, tunauchochea, tunainjika chungu na kukiipua. Tunaazima kinga cha moto kwa jirani. Tunazoa majivu na kusugua masizi. Maneno haya yote yanalifaa jiko la kisasa kama yalivyoyafaa mafiga. Ni kanuni njema ya kazi ya istilahi kwamba neno lililopo litumiwe kwanza, na neno jipya litafutwe pale tu penye dhana mpya.

2. Majina yanayochanganywa

Tuseme bibi mmoja wa Dimani ameuza korosho zake, akaenda gulioni kutafuta jiko. Kijana muuzaji anamwamkia:

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Hili ndilo lile jiko lisilo na moshi?”

“Ndilo hilo, bibi. Banifu kabisa.”

Swali la bibi lilihusu moshi. Jibu la kijana lilihusu kuni. Hapana aliyekusudia uwongo, lakini biashara imekwisha kufanyika juu ya maneno mawili yasiyokutana. Bibi atakwenda nalo nyumbani, atalikoka chumbani mvua ikinyesha, atafunga dirisha kwa kuwa ameambiwa moshi hakuna, na mjukuu wake wa kweli atalala humo akikohoa. Hebu basi tuyatazame majina hayo moja moja.

(a) Jiko banifu. Sifa hii imetokana na kitenzi bana, katika maana ya kubana matumizi, pamoja na kiambishi cha mwisho tunachokiona katika vumilivu, danganyifu na haribifu. Jiko banifu, basi, ni jiko linalotumia kuni au mkaa kidogo kuliko mafiga au jiko la kawaida kwa kupika chakula kilekile. Maana yake inaishia hapo. Haisemi lolote juu ya moshi. Ni kweli kwamba jiko linalounguza kuni vizuri hutoa moshi kidogo, lakini kidogo si hakuna. Na kuna majiko yanayobana kuni kwa kukumbatia chungu tu, huku moto wenyewe ukifuka kama zamani.

Kuna pia jambo la sarufi. Kwa kanuni ya vivumishi vilivyoundwa kutokana na vitenzi tungetazamia kusema majiko mabanifu, kama tusemavyo watu wavumilivu na wadudu waharibifu. Hata hivyo, matumizi ya umma yamekwisha kuelekea kwenye majiko banifu, bila shaka kwa kufuatisha majiko sanifu. Sanifu, kwa kuwa asili yake ni Kiarabu na fu yake ni sehemu ya mzizi, haipokei kiambishi. Banifu imeiga mwendo wa mwenzake ingawa ukoo wao si mmoja. Sisi hatuoni faida ya kupigana na jambo lililokwisha kukubalika katika vinywa vya wengi, mradi mwalimu aweze kueleza sababu yake darasani.

(b) Jiko sanifu. Sanifu ni kilichopangwa na kukubaliwa kuwa kipimo, kama tusemavyo Kiswahili sanifu. Jiko haliwi sanifu kwa kuwa limetengenezwa kwa bati jipya au kupakwa rangi. Tunapendekeza jina hili liwekwe akiba kwa jiko ambalo limepimwa na kuonekana limetimiza viwango vilivyowekwa na chombo chenye mamlaka, kama vile Shirika la Viwango Tanzania. Mnunuzi anayo haki ya kuuliza: sanifu kwa kipimo gani?

(c) Jiko lisilo na moshi. Jina hili ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote. Kila jiko la kuni hutoa moshi. Tofauti ni wingi wake na mahali unapokwenda. Lile linaloitwa hivyo kwa kawaida ni jiko lenye bomba linalopeleka moshi nje. Nalo likipasuka, au bomba lake likiziba, moshi hurudi ndani. Afadhali tuliite kwa kitu kinachoonekana: jiko la dohani.

(d) Jiko safi. Neno hili sasa limepata uzito wa kiserikali. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 umekusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Ni lengo kubwa, na si la kuwaziwa tu: mto huohuo wa Rufiji, huko juu, unazungusha mitambo ya umeme katika Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Lakini kati ya leo na siku ambayo kila jiko la Kibiti litawaka kwa umeme au gesi, kuni zitaendelea kukokwa, na haifai jina la safi lipachikwe juu ya kila chombo kipya.

Ushahidi wa jambo hili tunao kwa majirani zetu. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa vijijini Malawi, uliohusu watoto zaidi ya 10,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Baadhi ya kaya zilipewa majiko yenye feni ndogo ya kusukuma hewa, ambayo huunguza kuni vizuri kuliko mafiga. Nyingine zikaendelea kupika kama kawaida yao. Idadi ya watoto waliougua nimonia haikutofautiana. Kabla yake, mwaka 2011, yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Guatemala juu ya jiko la dohani: watoto wa nyumba zenye jiko hilo walivuta karibu nusu tu ya gesi ya kaboni monoksidi waliyovuta wenzao, nimonia kali zikapungua, lakini jumla ya nimonia zote zilizotambuliwa na madaktari haikupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Funzo lake si kwamba majiko bora hayana maana. Funzo ni kwamba hatua moja haifanyi safari, na jina zuri halifanyi mapafu kupona.

Kwa jumla, majina ya majiko hutungwa kwa njia nne. Mengine hutaja asili, kama jiko la Mchina, linaloitwa hivyo ingawa mpishi anachohitaji kujua ni kwamba hutumia mafuta ya taa na tambi. Mengine husifu, kama jiko bora. Mengine hutaja kitu kilichofanyizwa: jiko la Lorena, lililobuniwa Guatemala katika miaka ya 1970, limepata jina kwa kuunganishwa maneno mawili ya Kispania, la tope na la mchanga. Na mengine huonyesha matumizi, kama lile lililoitwa Kuni Mbili nchini Kenya. Kwa maoni yetu njia ya nne ndiyo bora, kwa kuwa jina la Kuni Mbili lenyewe ni fundisho: mpishi asijaze kuni tano.

3. Dohani

Neno dohani limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya moshi, lakini katika Kiswahili limeacha moshi wenyewe likashika njia yake. Wenyeji wa pwani wamelitumia kwa muda mrefu kwa bomba refu la meli za moshi na la viwanda. Kamusi za kale zinataja pia maana nyingine ya kupendeza: pakacha refu mno, lililosukwa kwa makuti juu ya kiunzi cha vijiti, ambalo wachukuzi walibebea matunda kichwani kwenda sokoni. Bila shaka umbo lake lililosimama wima ndilo lililowaunganisha hao wawili.

Dohani ina washindani wawili. Wa kwanza ni bomba la moshi. Bomba ni neno la Kireno lililokwisha kuwa letu, lakini limebeba mzigo mkubwa: bomba la maji, bomba la kupulizia dawa, na hata bomba la moshi la gari. Mshindani wa pili ni chimni, ambalo katika lugha yetu limekwisha kutua juu ya kioo cha taa ya mafuta. Kulihamishia jikoni ni kumtatiza fundi na muuza duka. Dohani ni neno moja, fupi, na hupokea maneno mengine kwa urahisi: dohani ya bati, dohani ya matofali, kofia ya dohani, koo la dohani. Kwa hiyo tunalipendekeza bila ya kusita.

Dohani hufanya kazi namna gani? Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi. Hewa ya moto iliyo ndani ya dohani hupanda, na inapopanda huvuta nyingine nyuma yake, ikaingia kupitia mlango wa kuni. Huu ndio mvuto wa dohani. Mvuto huongezeka dohani ikiwa ndefu na yenye joto, na hupungua ikiwa fupi, baridi, au yenye kona nyingi. Kwa jiko la nyumbani dohani yenye upana wa sentimita 10 hadi 15 kwa kawaida hutosha. Ncha yake ipite juu ya paa kwa sentimita 60 au zaidi ili upepo usiurudishe moshi. Na juu yake iwekwe kofia ya kuzuia mvua. Dohani ya bati moja isikaribie mbao, fito au makuti kwa chini ya sentimita 45.

Sharti hili la mwisho ndilo linaloleta shida katika nyumba za makuti. Tunasema kwa uwazi: dohani ya bati isipenyezwe katika paa la makuti. Cheche moja ya kiangazi yatosha kuteketeza nyumba, na baada yake nyumba ya jirani. Mwenye paa la makuti ana njia mbili. Ama ajenge jiko la nje, mbali kidogo na nyumba, aliezeke kwa bati, na dohani yake ipite humo. Ama aache dohani kabisa, achague jiko banifu lisilo na dohani, na alitumie katika banda lililo wazi pande mbili au tatu.

Wazee husema kwamba moshi hukinga makuti na wadudu, na kwamba mbegu za mahindi zilizotundikwa juu ya meko haziliwi na dumuzi. Maneno hayo yana ukweli wake. Anayeondoa moshi ndani ya nyumba akumbuke kwamba ameondoa pia mlinzi wa mbegu. Itampasa azihifadhi kwa njia nyingine, katika chombo kikavu kilichofunikwa barabara. Ni lazima mafundi waliseme jambo hili mapema, la sivyo mafiga yatarudi kimyakimya msimu wa mavuno utakapofika.

4. Namna ya kuchagua

Mwenye kutafuta jiko na ajiulize maswali haya matano.

Kwanza, napikia kuni gani? Kibiti ni nchi ya mikorosho, minazi na miembe. Matawi yaliyopogolewa, makumbi na vifuu ni kuni halali zisizomaliza msitu. Mikoko, yaani mkoko wenyewe, mkandaa, mchu, msinzi na jamaa zao, imo katika msitu wa hifadhi na hukatwa kwa kibali tu. Zaidi ya hayo, ukuni uliolowa maji ya bahari umebeba chumvi, na chumvi inapoungua hula bati la jiko na la dohani upesi. Anayechoma kuni za namna hiyo katika jiko la bati anachoma jiko pia.

Pili, napika nini na kwa watu wangapi? Ugali husongwa kwa nguvu. Jiko jembamba litapinduka. Achague lenye kitako kipana, au lililojengwa.

Tatu, paa langu ni la nini? Jibu lake tumekwisha kulitoa.

Nne, jiko litakaa mahali pamoja, au litahama? Mkulima wa mpunga anayelinda shamba akiwa katika dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, hawezi kujenga dohani ya matofali huko. Anahitaji jiko dogo la kubebeka, lenye kuta za udongo wa mfinyanzi ndani ya bati, likae juu ya sinia la mchanga ili sakafu isiungue. Kadhalika aliye bondeni kunakofurika.

Tano, likivunjika nani atalitengeneza? Jiko la udongo linalozibwa kwa udongo na mchanga wa hapohapo lina maisha marefu kuliko la kigeni lisilo na fundi karibu.

5. Namna ya kutumia

Jiko jema katika mikono isiyolijua ni mafiga ya bei ghali. Kanuni kuu ni hizi.

Kausha kuni. Kilo moja ya kuni mbichi huweza kuwa na karibu nusu kilo ya maji, na moto hulazimika kuyachemsha maji hayo kwanza kabla ya kuchemsha ya chunguni. Kuni zipasuliwe nyembamba, zipangwe juu ya kichanja penye upepo na kivuli cha mvua. Majira ya kipupwe na ya demani, kabla ya vuli, ndiyo wakati wake. Jina la Dimani linafanana na jina la majira hayo; basi wakazi wake hawatashindwa kuikumbuka kanuni hii.

Usijaze mlango wa kuni. Nafasi ya chini ni ya hewa. Ingiza kuni mbili au tatu nyembamba, uzisukume kidogo kidogo kadiri ncha zinavyoungua.

Pasha dohani kabla ya kazi. Asubuhi dohani ni baridi na haina mvuto. Choma kwanza karara au kuti kavu dogo. Likishika mwendo, weka kuni. Ukiona moshi unarudi, usipulize tu: tazama kama dohani imeziba.

Safisha. Majivu yazolewe kila siku. Masizi ya dohani yafagiliwe angalau kila mwezi kwa mti mrefu uliofungwa makumbi. Kuni mbichi huacha ndani ya dohani utando mweusi, mzito, unaonata na kuwaka; huo ndio tunaopendekeza uitwe lami ya moshi. Nyufa za jiko zizibwe zinapoonekana, kwa kuwa kila ufa ni dohani ya pili inayoelekea ndani.

Acha dirisha wazi, na usilale na mkaa. Mkaa uliokolea hauonyeshi moshi, na kwa sababu hiyo wengi huudhania kuwa salama. Lakini hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua aliyelala. Tafadhali msomaji asiichanganye na ile tuliyozoea kuiita hewa ukaa, ambayo ni gesi nyingine. Bila moshi si bila sumu: hili ni somo la istilahi na la uhai kwa pamoja.

Mwisho, funika chungu, na roweka maharage na kunde tangu jana. Hakuna jiko linalobana kuni kama kifuniko.

6. Istilahi tunazozipendekeza

Jiko banifu: jiko linalotumia kuni au mkaa kidogo kuliko mafiga au jiko la kawaida kwa kazi ileile.

Jiko sanifu: jiko lililopimwa na kukubaliwa kwa viwango rasmi.

Jiko la dohani: jiko linalotoa moshi nje ya nyumba kwa njia ya dohani. Jina la jiko lisilo na moshi liachwe.

Dohani: njia iliyosimama wima ya kupitishia moshi wa jiko, tanuri, meli au kiwanda.

Kofia ya dohani: kifuniko cha juu kinachozuia mvua na kuruhusu moshi.

Mvuto wa dohani: nguvu ya hewa ya moto inayopanda na kuvuta nyingine nyuma yake.

Chumba cha moto: nafasi ya ndani ya jiko ambamo kuni huungua.

Mlango wa kuni: tundu la mbele linaloingizia kuni na hewa.

Kichanja cha kuni: kijukwaa ndani ya mlango kinachoinua kuni ili hewa ipite chini yake, kwa mfano wa kichanja cha kuanikia.

Koo la jiko: njia nyembamba kati ya chumba cha moto na dohani.

Lami ya moshi: utando mweusi unaonata ndani ya dohani kwa sababu ya kuni mbichi.

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika. Huenda mafundi na wapishi wa Dimani, wa Bungu, wa Mchukwi na wa visiwa vya delta wana maneno yao, mafupi na mazuri kuliko haya, na tungefurahi kuyapokea. Istilahi iliyozaliwa mekoni huishi kuliko ile iliyozaliwa mezani. Ila tunaomba jambo moja liafikiwe tangu sasa: kubana kuni, kutoa moshi nje, na kuthibitishwa kwa kipimo ni sifa tatu mbalimbali, na kila moja ipewe jina lake. Hapo yule bibi atakaporudi gulioni hataridhika na neno moja. Atauliza, “Mjukuu wangu, jiko hili linabana kuni kiasi gani, moshi wake unakwenda wapi, na ni nani aliyelipima?” Na kijana, akiwa na lugha ya kumjibia, atalazimika kusema kweli.